Tupeane uzoefu: jipu la simbilisi, kulisafisha na kuhakikisha halirudi

Nyasi Kavu
Kuna mtu kauliza kwenye uzi wa chakula kama uvimbe chini ya taya la simbilisi (guinea pig) unakamuliwa kama chunusi. Hapana, haukamuliwi. Ila swali limenigusa, kwa sababu ushauri wa majipu ya mbwa na paka ukihamishiwa kwa mnyama huyu unaweza kumuua. Wenye ujuzi mwageni hapa.

Naanza na hili: usaha wa simbilisi hautiririki. Ni mzito, mweupe au wa manjano, unatoka kama dawa ya meno, na umefungwa ndani ya mfuko wenye ukuta mnene. Ukikamua kwa juu kinatoka kidogo tu, kilichobaki kinasukumwa ndani. Mfuko ukipasukia ndani, usaha unatambaa chini ya ngozi, na jipu lililokuwa moja linageuka matatu. Dawa ya kumeza peke yake nayo haitoshi, kwani haipenyi vizuri ule ukuta. Lazima usaha utoke na shimo lioshwe, au mfuko mzima ukatwe na daktari.

Bi Karoti
Naunga mkono. Na si kila uvimbe ni jipu, jamani.

Daktari wa Wadogo
Bi Karoti kagusa penyewe. Jipu huja haraka, siku chache tu, lina moto, na ukiligusa mnyama anagutuka. Baadaye katikati panalainika na manyoya yanaanza kunyonyoka hapo. Uvimbe laini unaoteleza chini ya ngozi, usiouma, mara nyingi ni mafuta tu. Ule wa mgongoni karibu na kiuno, unaotoa uchafu wa kijivu, kwa kawaida ni wa vinyweleo. Tezi zikivimba pande zote mbili za shingo, na kwapani, na kwenye kinena, hapo tunafikiria saratani ya tezi kabla ya jipu.

Kipimo ni kuchoma sindano na kuvuta. Lakini sindano ikitoka tupu haimaanishi si jipu: usaha mzito haupandi kwenye sindano nyembamba.

Halafu kuna lile gumu, lililoshikana na mfupa wa taya, halisogei hata kidogo. Hilo lina mzizi wa gego ndani yake hadi eksirei iseme vingine. Tazama kidevu kama kimelowa udenda, na kama mnyama anakiendea chakula kisha anakiacha. Likiwa la taya la juu, jicho linaweza kutokeza. Jipu la namna hii utaliosha mwaka mzima na litakuwa linarudi, kwa sababu chanzo ni jino.

Sindano Butu
Nitaongelea kuosha, baada ya jipu kupasuliwa na daktari au kupasuka lenyewe. Hapo ndipo wengi wanaharibu.

Vifaa: bomba la ml 10 bila sindano yake, mpira mwembamba wa kanula, ile sindano ya dripu (toa chuma, acha plastiki) kama tundu ni dogo, shashi, taulo mbili, glavu, na mkasi wenye ncha butu. Punguza manyoya kuzunguka kidonda upana wa sentimita 2 hivi. Manyoya yakibaki yanaingia kwenye tundu, yanashika usaha, na ngozi inafunga juu yake.

Maji ya chumvi: gramu 9 kwa lita 1 ya maji yaliyochemka, au gramu 4.5 kwa nusu lita. Pima kwa mzani, kijiko cha chai kilichojaa kinapitiliza. Yatumie yakiwa vuguvugu ya mwili. Maji baridi yanamshusha joto mnyama wa gramu 900 upesi kuliko unavyodhani.

Ukitaka dawa ya kuua vijidudu, klorheksidini ya asilimia 2 ichanganye ml 1 kwa ml 39 za maji, upate asilimia 0.05. Povidoni-iodini ya asilimia 10, ml 1 kwa ml 19 za maji. Soma chupa kwanza! Zipo zenye sabuni, za kunawia mikono ya wapasuaji. Hizo zisiingie kwenye kidonda hata tone.

Kazi yenyewe wanaifanya watu wawili. Mmoja anamfunga kwa taulo, anashika mabega na makalio, bila kubana kifua. Msimlaze chali. Mwingine anaweka shashi ya maji ya moto kiasi juu ya kigaga kwa dakika 5, kisha anakitoa taratibu kuanzia pembeni. Kigaga kikikataa, rudisha shashi, usikichune.

Ingiza ncha ya bomba ndani kidogo, sukuma ml 2 au 3, acha yatoke, rudia. Ncha isizibe mdomo wa tundu. Ikiziba, maji hayana pa kutokea, yanaingia chini ya ngozi na utaona uvimbe mpya unajaa mbele ya macho yako. Endelea mpaka maji yanatoka safi, bila usaha. Mabonge yaliyoganda ukutani yavute kwa shashi yenye unyevu, usikwangue kwa chuma.

Asubuhi na jioni. Kwa kawaida siku 7 hadi 14. Kidonda kinatakiwa kijae kutoka chini kuja juu, na kazi yako kubwa ni kuzuia mdomo usifunge kabla ya tumbo la shimo kujaa.

Mpenda Wadogo
Hapo kwenye kigaga ndipo ugomvi wa kila nyumba. Kila mtu anaona kidonda kimekauka anashangilia.

Sindano Butu
Na siku ya nne kimevimba tena.

Mzee wa Banda
Mnazunguka sana, wakuu. Haidrojeni peroksaidi, asilimia 3, mimina, povu linapanda na uchafu wote. Kazi imekwisha.

Sindano Butu
Mzee, povu linapanda hata kwenye nyama nzima na damu safi. Halikuonyeshi kuwa uchafu umetoka, linakuonyesha tu kuwa dawa imegusa damu au tishu. Na ile nyama nyekundu changa inayojaza shimo ndiyo ya kwanza kuungua. Ukimimina kila siku, kidonda hakijai.

Mzee wa Banda
Banda langu linapona.

Sindano Butu
Linapona licha ya peroksaidi, mzee wangu.

Daktari wa Wadogo
Nisuluhishe. Wapo wanaoitumia mara moja, jipu linapofunguliwa siku ya kwanza, mdomo ukiwa mpana. Baada ya hapo ni maji ya chumvi tu. Shimo refu lenye mdomo mwembamba lisipewe kabisa: gesi ikikosa njia ya kutokea inaweza kujipenyeza kwenye tishu na hata kwenye mishipa ya damu. Spiriti nayo hapana, kwa sababu zilezile za kuunguza, na maumivu juu yake.

Wembe Mkali
Sasa kwa nini mtu asitumbue mwenyewe? Wembe mpya, umechemshwa, sehemu iliyolainika.

Daktari wa Wadogo
Kwa sababu chini ya taya kuna mshipa mkubwa wa shingo na tezi za mate, na uvimbe unavisogeza kutoka mahali pake. Kwa sababu bila ganzi huyu mnyama anaweza kufa kwa mshtuko tu mkononi mwako. Na kwa sababu mkato unatakiwa uwe sehemu ya chini kabisa ya mfuko ili ujimwage wenyewe. Wengi wa wembe wanakata pale kileleni, basi chini kunabaki kisima. Daktari anaweza pia kuutoa mfuko wote mzima, au kuushona ukuta wake kwenye ngozi ili mdomo ubaki wazi. Hayo hayafanyiki kwenye meza ya chakula.

Wembe Mkali
Nimekuelewa. Jina libaki, wembe naweka chini.

Manyoya Mawili
Mmeongelea kuosha, sasa ngoja niwape kinachoua baada ya kuosha vizuri.

Jike, gramu 860, jipu la shavu. Likapasuka lenyewe usiku. Likaoshwa kwa utaratibu huuhuu wa Sindano Butu, maji ya chumvi, manyoya yamekatwa, mdomo wazi. Jioni ile alikula nyasi. Kidonda kilikuwa cha kupigiwa mfano. Kisha mtu wa nyumba ile akaona asiache nusu nusu, akafungua kabati, akakuta amoksilini ya maji ya mtoto, akampa matone machache asubuhi na jioni. Ndogo tu, alisema, kulingana na uzito.

Kesho yake nyasi hazijaguswa. Siku iliyofuata vinyesi vimekuwa laini vyenye harufu kali, kisha maji matupu. Tumbo limejaa gesi, linadunda ukiligonga. Masikio baridi. Amejikunja kona, manyoya yamesimama, meno anayasaga. Joto limeshuka chini ya 37, wakati la kawaida ni 37.2 hadi 39.5. Wakampeleka kwa daktari, akapewa dripu na kupashwa joto, lakini sumu ilishaingia kwenye damu. Alipokufa, kidonda cha shavuni kilikuwa chekundu, safi, kinajaa.

Penisilini na ndugu zake zinaua bakteria wema wa utumbo wa simbilisi, na Clostridium difficile anapata uwanja. Yeye ndiye anayetoa sumu. Kipimo kidogo hakisaidii.

Bi Karoti
Mungu wangu. Na hiyo amoksilini ipo kila kabati.

Mpenda Wadogo
Weka orodha, Manyoya. Watu wapige picha.

Manyoya Mawili
Zisizompasa: penisilini, amoksilini, ampisilini, klindamisini, linkomisini, erithromisini, na sefaleksini ya kumeza. Streptomisini nayo ni sumu kwake moja kwa moja. Zinazotumika sana kwa agizo la daktari ni enrofloksasini, na trimethoprimu iliyochanganywa na salfa.

Mzee wa Banda
Mbona sungura wangu alichomwa penisilini na yuko mzima?

Daktari wa Wadogo
Kwa sungura ya sindano inatumika, mzee. Simbilisi si sungura. Na mafuta ya kupaka je? Mengi ya antibayotiki tatu yana basitrasini, nayo ni antibayotiki isiyompasa: anailamba, inaingia palepale tumboni. Mafuta yenye steroidi yanazuia kidonda kupona. Ukiambiwa upake kitu, uliza kwanza ndani kuna nini.

Enrofloksasini hutolewa mg 5 hadi 10 kwa kila kilo, mara mbili kwa siku, kwa mdomo. Ya sindano ikirudiwa chini ya ngozi inaunguza nyama, ukajikuta unatibu kidonda kingine. Usaha ukienda maabara kuoteshwa ili bakteria wajulikane, tuma na kipande cha ukuta wa mfuko. Usaha wa katikati mara nyingi hauoti kitu, bakteria wake wameshakufa.

Bi Karoti
Kumbe simbilisi haumwi na jipu, anaumwa na kabati la dawa.

Nyasi Kavu
😂 Turudi kwenye mada kabla hatujafungua famasi. Chakula!

Mpenda Wadogo
Simbilisi asiyekula kwa muda wa saa 12 tayari ni dharura, kwani utumbo unasimama. Jipu la taya linauma kutafuna, kwa hiyo omba dawa ya maumivu, usisubiri akatae. Akikataa, loweka peleti (chakula chake kikavu cha punje) kwa maji ya moto, saga uji, mpe kwa bomba pembeni ya mdomo nyuma ya meno ya mbele. Ml 10 hadi 15 kwa mara, mara 5 au 6 kwa siku, kidogo kidogo, amemeza ndiyo unaongeza. Ukijaza mdomo anavuta uji kwenye mapafu.

Vitamini C haitengenezi mwilini mwake, na bila hiyo kidonda hakishikani. Mzima anahitaji mg 10 hadi 30 kwa kilo kwa siku, mgonjwa mpe 30 hadi 50. Mdomoni, si kwenye maji ya kunywa. Humo inaharibika na hujui kanywa kiasi gani.

Pima uzito kila siku saa ileile. Akipoteza asilimia 10, rudi kwa daktari hata kama kidonda kinapendeza.

Shamba Darasa
Mmesahau maranda. Ondoeni maranda na vumbi la mbao, tandikeni kitambaa cheupe, badilisheni kila siku. Mnaona usaha uliotoka usiku, na hakuna kijiti kinachoingia kidondani. Nzi pia. Kidonda wazi, nzi mmoja, kesho yake funza. Chandarua.

Bi Karoti
Mtenge na wenzake?

Shamba Darasa
Mtenge, ila aone na kusikia wenzake, la sivyo anagoma kula kwa upweke.

Daktari wa Wadogo
Ndiyo, atengwe, maana majipu ya tezi za shingo mara nyingi ni ya Streptococcus zooepidemicus, na huyo anaenea bandani. Anaweza kumpata hata binadamu, kwa hiyo glavu si pambo. Kagueni na chanzo: nyasi zenye miiba na mabua magumu yanachoma ndani ya mdomo, magego marefu yanakata shavu, madume wawili wanaumana. Na ukiosha jipu la shavu ukaona maji yanatokea mdomoni, acha hapohapo, mwinamishe kichwa. Tundu limetoboka hadi ndani na anaweza kuyavuta mapafuni.

Wembe Mkali
Tundu likibaki dogo kama pini na linatoa majimaji ya wazi, niendelee kulazimisha bomba?

Sindano Butu
Ncha ikiwa haiingii tena na ukibonyeza kwa upole hakuna usaha, acha. Safisha juu tu. Kinundu kigumu chini ya kovu kinaweza kubaki, kipapase kila wiki. Kikikua, mfuko ulibaki, na hapo ni upasuaji.

Bi Karoti
Mzani wa jikoni unatosha kupimia?

Mpenda Wadogo
Unatosha, mradi unaonyesha gramu moja moja. Muweke kwenye bakuli refu, asije akaruka.