Naomba ushauri: mkanda wa taimingi na pampu ya maji ya RAV4

Ndugu zangu, nawasalimu, na wakubwa shikamooni. Ninaishi Mtwara mjini na gari langu ni Toyota RAV4 ya mwaka 1998 yenye injini ya 3S-FE, ambayo imefikisha kilometa 214,000, na aliyeniuzia hakuwa na kumbukumbu yoyote ya kubadilishwa kwa mkanda wa taimingi (ule wa ndani ya injini unaoendesha valvu ziende sawa na pistoni). Wiki mbili zilizopita, niliporudi kutoka Lindi, nilikuta maji ya rejeta yamepungua, na nilipochungulia chini nikaona michirizi iliyokauka upande wa pampu ya maji.

Fundi wangu anashauri tubadilishe pampu peke yake, kwa kuwa mkanda unaonekana mzima kwa macho. Mimi nasita, kwa sababu katika injini hii pampu huzungushwa na mkanda huohuo, hivyo kuifikia ni lazima mkanda ufunguliwe, na kuurudisha wa zamani ambao umri wake haujulikani naona ni kujitafutia gharama ya ufundi mara mbili. Najua kwamba mkanda wa 3S-FE ukikatika valvu hazigongani na pistoni, yaani injini haivunjiki ndani bali huzimika tu, lakini kuzimikiwa na gari njiani usiku nikiwa na watoto kunanitia hofu kweli.

Je, nibadilishe pia roli za kukazia mkanda, pamoja na sili (mipira ya kuzuia oili isivuje) za kranki na kamshafti, yaani mihimili ambayo mkanda huo unaiunganisha? Na vipuri nivinunue hapahapa au niagize Dar es Salaam vije kwa basi, na nitavitambuaje vilivyo bandia?