Ewaso Ng'iro ya Narok na ya Archers Post ni mto mmoja?

MamaViazi:
Wakuu, mimi nasafirisha viazi kutoka Narok kwenda Bomet. Njiani kuna senta inaitwa Ewaso Ng'iro, na mto uko papo hapo. Sasa nimepata mteja Archers Post, kaskazini ya Isiolo, nafika darajani naambiwa huu nao ni Ewaso Ng'iro! Umezungukaje Mlima Kenya mpaka ukafika huku?

Chaki:
Ni mito miwili. Wa Narok ni Ewaso Ng'iro Kusini: unatoka milima ya Mau, unamwaga maji Ziwa Natron, Tanzania. Wa Archers Post ni wa Kaskazini. Haikutani popote.

DerevaWaWaso:
Shikamoo mama. Mimi ni Mborana wa Isiolo, naendesha watalii kwenye hifadhi za Samburu na Buffalo Springs, kwa hiyo huu mto nauona kila siku ya kazi. Ng'ambo ya kaskazini ni Samburu, ya kusini ni Buffalo Springs.

Maji yake hutoka Mlima Kenya (Naro Moru, Burguret, Nanyuki) na milima ya Aberdare. Yale yanayoporomoka Thomson's Falls pale Nyahururu ni ya Ewaso Narok, nao huishia ndani ya huu wetu. Ndiyo, uko mto wa Narok usiofika Narok! Kwa Kimaa narok ni nyeusi, ng'iro ni kahawia ya vumbi. Wamaasai kule na Wasamburu huku lugha yao ni moja. Kila mmoja aliutaja mto wake kwa rangi ya maji aliyoyaona. Waliochora ramani wakaongeza Kaskazini na Kusini, na tahajia zao: Uaso Nyiro, Ewaso Ngiro, chagua unayotaka. Sisi twasema Waso basi, na ndiyo maana tunaitwa Waborana wa Waso.

Mto ukishapita Archers Post unashuka maporomoko ya Chanler's Falls, unapita Merti, kisha unapotelea kwenye kinamasi cha Lorian. Mafuriko yakizidi sana ndipo maji huvuka hadi Lagh Dera, upande wa Somalia. Kiangazi kikali mambo ni kinyume: mashamba ya juu, Nanyuki na Timau, yanavuta maji, na huku chini tembo wanachimba mchanga wa mto kwa mkonga wapate ya kunywa. Lakini usiudharau mchanga huo. Machi 2010 maji yalishuka kwa ghafla yakabeba kambi na loji za ukingoni, wageni wakatolewa kwa helikopta. Mimi sipaki gari mtoni nikiona wingu zito upande wa mlima, hata kama hapa ni jua kali.

MamaViazi:
Marahaba mwanangu, nimeelewa. Huyo mteja ana ndugu yake Merti anataka magunia pia. Lori la Kenta litafika?

DerevaWaWaso:
Kukiwa kukavu, ndiyo. Mvua ikianza usijaribu, mama. Mwambie akutane nawe Isiolo mjini, alipe, abebe mwenyewe.