Tiara ya nyuzi nne kwa upepo wa Nyanda za Juu Kusini: kitambaa kizima, chenye wavu, au ya mifuko?

Kijana wa Uyole

Wakuu, shikamooni kwa mnaostahili. Tiara ya nyuzi mbili nimeshaizoea, sasa nataka kuhamia nyuzi nne, ile inayosimama hewani palepale, inarudi kinyumenyume na kutua unapotaka. Pesa yangu inatosha moja tu, tena ya kuagiza nje. Nimebaki na tatu:

1. Ya fito za kaboni, kitambaa kizima
2. Ya fito vilevile, ila sehemu ya kitambaa iliyo karibu na ufito wa mbele ni wavu
3. Ya mifuko, haina fito kabisa, inajaa hewa na kutuna

Shida yangu ni upepo. Msimu huu wa kiangazi, Juni mpaka Septemba, asubuhi hapa jani halitikisiki. Saa tano hivi unaanza, ikifika saa nane unapiga kwa vishindo: unatulia, unakusukuma ghafla, unatulia tena. Watengenezaji wanaandika tu "kilomita 10 hadi 30 kwa saa". Upepo wa kwetu unazipita zote hizo ndani ya dakika moja. Nichukue ipi?

Fundi Fito, Mbeya mjini

Kitambaa kizima, usihangaike. Watu wanasahau tuko wapi. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Tanga au Dar kwa asilimia 15 hivi. Upepo wa kasi ileile unasukuma pungufu. Ukipanda Kitulo, kwenye mita 2,600, pengo linazidi asilimia 20. Sasa hewa yenyewe imeshakuibia nguvu, halafu wewe unakitoboa kitambaa? Asubuhi yako yote utakuwa unaikimbiza tiara kama mbuzi aliyekata kamba.

Mnyalukolo wa Kihesa

Kamwene wote. Fundi, hesabu ya hewa ni kweli, lakini umeiachia njiani. Nguvu ya upepo haikui sambamba na kasi, inakua kwa mraba wake. Maana yake hiyo asilimia 15 inafidiwa na upepo ulioongezeka asilimia 8 au 9 tu: pwani ulipohitaji kilomita 10 kwa saa, Mbeya unahitaji 11. Lakini kishindo kikitoka kilomita 12 kwenda 24, mvuto unakuwa mara nne. Anayejifunza atasumbuliwa na ile kilomita moja au na ile mara nne?

Kwa hiyo mimi nasema wavu. Hewa ya ziada inapita, kitambaa hakishtuki, tiara inaongeza mwendo taratibu na wewe unapata nafasi ya kufikiri mkono wako unafanya nini. Kitambaa kizima kwenye vishindo kinatulia, kinaruka, kinatulia, kinaruka, na mwanafunzi anadhani kosa ni lake.

Umbo hili la tiara ya fito na nyuzi nne walilibuni ndugu wa ukoo wa Hadzicki huko San Diego, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1980: mabawa mawili yaliyoshikana, ufito mrefu mbele, miwili ya wima. San Diego ni mji wa bahari, na upepo wa baharini unakuja umenyooka. Wa kwetu umeshagongana na milima kabla haujakufikia.

Fundi Fito, Mbeya mjini

Sawa, kwa saa nane mchana nakubali. Lakini je, saa nne asubuhi? Mwenye wavu atakaa kwenye nyasi anakunywa chai.

Mnyalukolo wa Kihesa

Anywe tu, Fundi. Saa tano atarusha.

Baridi ya Njombe

Mimi nipo kwenye ya mifuko na sijutii. Mmesahau usafiri. Fito za kaboni ni ngumu zikiwa hewani, lakini muulize kondakta wa Coaster atakayeweka gunia la viazi juu ya mzigo wako kutoka Makambako. Ya mifuko unaikunja, unaisokota, unaitia kwenye begi la mgongoni. Ikigonga ardhi hakuna kinachovunjika. Na mvuto wake! Makambako ambako upepo ni wa kweli, unaegemea nyuma kabisa na huanguki.

Mwalimu Dada, Mafinga

Kaka wa Njombe, huo mvuto unaousifia ndio sababu ya kumwambia huyu mdogo wetu asianze nao. Ya mifuko inajengwa ili ivute. Nyuzi mbili za juu zinabeba mzigo, mbili za chini ni breki na usukani. Inageuka vizuri, inatua ukivuta breki, lakini kusimama kimya juu ya sehemu moja na kurudi nyuma kwa mstari si kazi yake. Kijana ametaja mambo hayo hasa. Tena kwenye upepo unaokatika, midomo yake ya kuingizia hewa inakosa hewa, inakunjamana, inaporomoka, halafu kishindo kinachofuata kinaijaza yote kwa mpigo mmoja.

Ukiichukua hata hivyo, nunua na mikanda ya kifundo cha mkono inayounganishwa na nyuzi za breki. Ukizidiwa unaachia mishikio, breki zinavutwa zenyewe, tiara inaishiwa nguvu na kushuka. Bila hiyo mikanda, upepo wa Makambako utakuburuza.

Jambo jingine ambalo hakuna aliyeligusa: unarushia wapi? Viwanja vyetu vingi vya mpira vimezungushiwa mikaratusi. Upepo ukivuka mti unavurugika kwa umbali wa mara saba hadi kumi ya urefu wa mti huo. Mikaratusi ya mita 15 inakuharibia upepo mpaka mita 150 nyuma yake, yaani uwanja mzima. Huenda nusu ya hivyo vishindo vyako vinatengenezwa na miti. Huku Sao Hill, kwa misonobari hii, mimi nilishaacha kutafuta uwanja katikati ya msitu.

Kijana wa Uyole

Mwalimu, umenipata. Kweli upande upepo unakotokea kuna mstari wa mikaratusi. Mashamba ya viazi yaliyovunwa je? Yako wazi kabisa.

Mwalimu Dada, Mafinga

Upepo utakuwa safi zaidi, ila kuna matuta. Kurusha nyuzi nne ni kutembea: upepo ukipungua unarudi nyuma ili tiara iendelee kushiba, kishindo kikija unaifuata mbele kupunguza mvuto. Kurudi kinyumenyume juu ya matuta macho yakiwa angani, utavunjika kiuno. Tafuta malisho au shamba lililosawazishwa, na muombe mwenyewe kwanza. Kaa mbali na nyaya za umeme, na msimu wa mvua ukisikia radi hata ya mbali, teremsha, kunja, ondoka.

Mzee wa Matema

Wajukuu, salamu kutoka ziwani. Mnabishana kitambaa wakati upepo mzuri uko mkoani kwenu. Teremkeni Kyela. Ziwa Nyasa haliko hata mita 500 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo ile hewa aliyoibiwa Fundi huku anarudishiwa karibu yote. Mchana upepo unatoka majini kuja nchi kavu, haujakutana na mti wala paa, na mchanga wa Matema ni laini hata ukianguka. Kwa somo la kwanza hakuna kama huku. Mwangalie tu saa mlima unapoanza kusukuma hewa yake. Safu ya Livingstone iko hapo pembeni na haina adabu.

Baridi ya Njombe

Shikamoo mzee. Nauli ya kila wikendi atatoa nani?

Mzee wa Matema

Marahaba. Sikusema kila wikendi. Nimesema somo la kwanza.

Mgeni wa Kitulo

Nachomekea. Kuna aliyejaribu uwanda wa Kitulo? Nyasi tupu, hakuna mti.

Mnyalukolo wa Kihesa

Ndani ya hifadhi usijaribu bila ruhusa. Ni hifadhi ya taifa tangu 2005, watu wanaiita Bustani ya Mungu kwa ajili ya maua, lakini pia kuna ndege wanaozaliana kwenye nyasi hizohizo, kama mbayuwayu wa buluu, na kitu kikubwa kinachozunguka juu yao ni mwewe tu machoni pao. Vivyo hivyo msirushe karibu na kiwanja cha ndege, Songwe au Nduli.

Msokile

Hivi hamna anayeshona mwenyewe? Kitambaa cha miavuli mibovu kipo, mianzi ipo. Zamani tulimaliza kwa rambo, tangu zipigwe marufuku Juni 2019 watoto wamekwama.

Fundi Fito, Mbeya mjini

Mwavuli unafaa. Mwanzi ndio mtihani: ukiuchonga mwembamba unapinda upande mmoja kuliko mwingine na tiara inageuka yenyewe, ukiuacha mnene inakuwa nzito. Kwa ya uzi mmoja haina neno. Kwa nyuzi nne mabawa lazima yalingane. Na usifunge mshipi wa nailoni wa kuvulia. Unanyumbuka, kwa hiyo unavuta hapa na tiara inasikia baadaye, imeshagonga ardhi.

Kijana wa Uyole

Nimeamua: ya wavu, na safari moja ya Matema kuanzia. Fundi usinune. Niambieni habari ya breki, maana kila video inasema lake.

Mwalimu Dada, Mafinga

Kila mshikio una uzi wa juu unaoshika ufito wa mbele na uzi wa chini unaoshika pembe ya nyuma. Wa chini ndio breki. Tiara ikipaa kwa pupa, ikakataa kusimama na kurudi nyuma, breki zimelegea: refusha kamba ya juu, ile yenye mafundo kwenye mshikio, kwa fundo moja, pande zote mbili sawa. Ikijinyanyua kidogo halafu ikarudi chini kinyumenyume, breki zimezidi: fupisha. Upepo ukiwa mkali ongeza breki, ukiwa mwanana punguza. Usiogope kubadilisha mara nyingi kwa siku moja, mafundo yamewekwa kwa kazi hiyo.

Na mikono: wewe unatoka nyuzi mbili, utataka kuvuta kwa bega. Hapa amri iko kwenye kifundo cha mkono na gumba. Jifunze kwanza kuisimamisha mita moja juu ya ardhi na kuishusha. Mizunguko itakuja yenyewe.

Fundi Fito, Mbeya mjini

Sinuni, ila asubuhi moja yenye upepo mwanana utanikumbuka.

Nyuzi: mita 25 zinakutosha, za kusukwa zisizonyumbuka, uimara wa kilo 40 hivi. Zikiwa mpya hazitalingana kwa muda mrefu. Zifunge zote nne kwenye kigingi kimoja, zivute kwa pamoja, iliyozidi funga upya mpaka ziwe sawa. Rudia baada ya kurusha mara chache, kisha zitatulia. Na watoto wakija na tiara zao za uzi wa kushonea, wahamishie upande mwingine wa uwanja. Nyuzi zako zinayeyuka kwa joto la msuguano, uzi wao ukisugua palepale unakata. Wakati huohuo njia ya bodaboda isipite kati yako na tiara, maana uzi uliokazwa hauonekani na uko usawa wa shingo.

Kijana wa Uyole

Bodaboda zinapita hapo hapo kwa kweli. Nahamia upande wa malisho, mwenye shamba ni jirani yetu, nitamuona kesho jioni.