Bukavu: binti yangu amepewa sifuri juu ya kumi kwa uthibitisho usio na kosa

Ndugu wazazi na walimu, naandika nikiwa na hasira, wala siifichi. Binti yangu, anayesoma mwaka wa tatu wa umanite (sekondari ya juu), seksioni ya sayansi, katika shule moja ya Kadutu, alirudi Ijumaa na karatasi ya interogasio (jaribio fupi la darasani) yenye sifuri juu ya kumi. Alitakiwa athibitishe kwamba (1 − cos x)/sin x ni sawa na sin x/(1 + cos x) kwa kila pembe ambayo sin x yake si sifuri. Alianza upande wa kushoto, akazidisha juu na chini kwa 1 + cos x, akapata juu 1 − cos² x, yaani sin² x, akafuta sin x moja juu na moja chini, akafika upande wa kulia. Tena aliandika, bila kukumbushwa na mtu, kwamba 1 + cos x haiwezi kuwa sifuri ikiwa sin x si sifuri.

Kosa lake, kwa wino mwekundu, ni kutofuata njia ya ubaoni. Njia hiyo nimeiona daftarini: mwalimu anachukua usawa uleule unaotakiwa kuthibitishwa, anaufanyia kazi pande zote mbili kana kwamba umekwisha kukubaliwa, na akifikia 1 = 1 anapiga mstari. Kufikia jambo la kweli hakuthibitishi ulikoanzia, isipokuwa umeonyesha kwamba kila hatua inaweza kurudiwa kinyumenyume. Kwa njia hiyo mtu angethibitisha hata kwamba sin x ni sawa na √(1 − cos² x): anazidisha kila upande kwa wenyewe, anapata sin² x = 1 − cos² x, kazi imekwisha. Sasa wekeni nyuzi 270: kushoto ni −1, kulia ni 1.

Prefe, yaani mkuu wa shule, alinijibu kwamba Mtihani wa Serikali wa kumaliza sekondari ni wa kuchagua jibu, kwa hiyo hakuna atakayewadai watoto uthibitisho. Jibu hilo limeniumiza kuliko sifuri yenyewe.

Siombi pointi za huruma. Nadai karatasi isahihishwe upya na mwalimu mwingine wa hisabati, na njia ile irekebishwe mbele ya darasa zima, kwa maana waliopewa kumi kwa kuinakili wamedhulumiwa pia. Mzazi mwenye karatasi kama hii asiitupe. Jumatatu asubuhi nitakuwa mlangoni kwa prefe na ya kwetu mkononi.