Nimeuziwa kadi ya grafiksi na pawa saplai "inayoingia mashine yoyote". Sasa hivi studio inanuka plastiki (Mbeya)

Wakuu, habari za usiku. Uzi huu nauandika saa sita na nusu, nimejifunga blanketi, madirisha ya studio yako wazi, na baridi ya Mbeya ya mwezi wa saba mnaijua. Siwezi kuyafunga. Humu ndani kuna harufu kama ya ndala iliyodondokea kwenye jiko la mkaa.

Mods, msinihamishie kwenye vichekesho tafadhali. Nina hasira.

Nahariri video hapa Mafiati. Harusi, sendofu, kipaimara, siku hizi hata misiba. Mashine yangu ni Dell OptiPlex 9020, ile yenye kasha la mnara, prosesa i5-4590, ramu GB 16. Niliinunua mtumba miaka mitatu iliyopita na haijawahi kuniangusha. Ila haina kadi ya grafiksi, inategemea ile iliyomo ndani ya prosesa. Sendofu ya saa moja na nusu naiacha irenda (yaani mashine iitengeneze video iliyokamilika) usiku kucha, naamka alfajiri naikuta asilimia 70 na bibi harusi keshaanza kupiga simu. Nikajikusanya mwaka mzima, nikasema sasa nanunua kadi.

Duka silitaji. Liko upande wa Kabwe, wenyewe wakisoma watajijua.

Na sikwenda kichwa kichwa. Nilifungua ubavu wa mashine nikapiga picha nne: mgongo, ndani, stika ya modeli, na stika ya pawa saplai ya zamani (lile boksi linaloigawia mashine umeme) iliyoandikwa 290W. Nikamtumia kaka wa dukani WhatsApp. Tiki za bluu. Jumamosi nikaenda mwenyewe na karatasi yangu yenye maswali matatu: kadi itaenea kwenye kasha hili? Umeme utatosha? Kuna kitu kingine cha kununua? Nikamwambia na kazi yenyewe ni nini, kwamba ni kurenda video, sichezi gemu.

Alijibu yote matatu kwa pumzi moja huku anamhudumia mtu wa chaja. "Dada, usiwe na presha. Hiyo inaingia mashine yoyote."

Akanipa kadi ya GTX 1660 Super ya mtumba, ya feni tatu, 430,000. Akanipa na pawa saplai mpya ubavuni imeandikwa 500W kwa herufi kubwa kuliko jina la kampuni, 65,000. Nikatoka pale natembea kama niliyenunua kiwanja Uyole.

Jumapili akaja fundi wao, 20,000. Kufungua tu ya zamani, akanyamaza. Kichwa kikubwa cha pawa saplai mpya kina pini 24. Soketi kwenye bodi yangu, ule ubao mkuu wa mashine, ina pini 8. Wakuu, hizi OptiPlex 9020 hazitumii ule mkia wa kawaida wa pini 24, na hilo siyo siri ya jeshi, mashine imetoka mwaka 2013 na imejaa kila ofisi na kila duka la mtumba nchi hii. Isitoshe soketi yenyewe inaonekana waziwazi kwenye picha yangu ya pili, ile waliyoitia tiki za bluu.

Fundi akapendekeza akate nyaya aziunge kwa selotepu. Nilimnyang'anya mkasi. Sitanii, nilimnyang'anya.

Ikabidi iagizwe adapta ya pini 24 kwenda 8 kutoka Kariakoo. 25,000, na 5,000 ya kutuma kwa basi. Nani kalipa? Mimi. Nilipomuuliza kaka wa kaunta kwa nini hakuniambia, akasema "hiyo ni kawaida dada". Kama ni kawaida mbona hukuijua Jumamosi?

Jumatano adapta ikafika, nikaifuata stendi kuu saa moja asubuhi. Fundi akarudi. Awamu hii kadi ndiyo ikagoma: ndefu, inagota kwenye kikapu cha hadi diski (hard disk, inayohifadhi kazi zangu). Hakuna aliyepima. Futi ya fundi nguo ingetosha, unapima kutoka mgongo wa kasha mpaka kikapu, unalinganisha na urefu wa kadi, sekunde kumi. Yeye akang'oa kikapu, na hadi diski yangu yenye kazi za wateja wanne akaiacha inaning'inia kwa waya kama popo. Nikaja kuilaza mwenyewe juu ya sponji la kuoshea vyombo.

Tukawasha. Feni zinazunguka, skrini nyeusi. Fundi akatangaza kadi imekufa, akaanza kukusanya bisibisi zake. Kumbe monita yangu ni ya VGA, ule mlango wa picha wa zamani, na kadi za kizazi hiki hazitoi VGA kabisa, zina HDMI na DisplayPort. Hata ile DVI iliyopo kwenye baadhi yake ni ya dijitali tupu, ukichomeka kile kiadapta cha bei rahisi cha kwenda VGA huoni kitu, mpaka kile chenye saketi ya kubadilisha mawimbi. Hili nililigundua mimi, siyo fundi, baada ya kubeba TV ya sebuleni mpaka studio huku watoto wanalia katuni zao. Picha ikaja. Nilisahau machungu yote kwa muda wa kama dakika ishirini.

Sasa nifike kwenye kilichoniamsha kuandika.

Kadi hii ina tundu la umeme la pini 8 mgongoni. Pawa saplai mpya haina waya wa pini 8 wa kadi. Ina mmoja wa pini 6, basi. Kabla hatujawasha, fundi alitoa mfukoni kiadapta, upande mmoja kinachomekwa kwenye mkia wa SATA, ule wa kulishia hadi diski, upande wa pili kinatoa pini 8. Akachomeka, akasema tayari, akaondoka na 20,000 yake. Sikujua kitu. Nilidhani kama inaingia, inafaa.

Leo saa tatu usiku nikapakia sendofu ya Tukuyu, kamera tatu, nikabonyeza kurenda. Nakiri, ilikimbia. Nikaenda kuinjika chai. Nikasikia *tap*, kimya, giza kwenye TV. Nilipofungua ubavu moshi mwembamba ukatoka pale kwenye kiadapta. Kichwa cha SATA kimeyeyuka na kugandia ndani ya mwenzake, plastiki nyeupe imekuwa rangi ya karameli, na pini mbili za waya wa njano zimekuwa nyeusi. Nimevuta kwa nguvu zote hakitoki.

Nikakaa chini nikachukua tochi ya simu nikasoma stika ya pawa saplai. Siyo yale maandishi makubwa ya ubavuni, ile stika ndogo ya chini yenye jedwali. Mstari wa +12V: ampea 18.

Zidisheni wenyewe. 12 mara 18 ni wati 216. Prosesa na kadi ya grafiksi vyote vinakula kwenye huo mstari wa volti 12. Hiyo 500W ya ubavuni sijui wameihesabu wapi, labda wamejumlisha na namba ya nyumba ya mwenye kiwanda. Prosesa yangu imepangiwa wati 84, kadi wati 125, hapo ni 209 kabla hujaweka hadi diski, feni na bodi yenyewe. NVIDIA wenyewe, wenye chipu ya kadi hii, wanashauri mashine iwe na pawa saplai ya 450W, na wanamaanisha 450 ya kweli, ambayo kwenye volti 12 utakuta ampea thelathini na kitu.

Na kile kiadapta ndiyo uchawi mtupu. Mkia wa SATA umetengenezwa kubeba wati 54 kwenye volti 12. Pini 8 ya kadi ni ya wati 150. Bodi yenyewe kupitia tundu la PCIe, lile inamokaa kadi, inaruhusiwa kutoa mpaka 75, lakini kadi hizi hupenda kuvuta sehemu kubwa kupitia waya wake. Kwa hiyo mtu kachukua bomba la kunyweshea kuku akaunganisha na pampu ya zimamoto, kisha akaniachia nyumba yenye watoto. (Nilimshukuru Mungu kwa kitu kimoja: ile swichi nyekundu ya nyuma nilikuta iko 230. Ingekuwa 115, kwa umeme wetu ingelipuka siku ile ile tulipowasha.)

Kinachonichoma zaidi hata siyo moshi. Nimekaa hapa nasoma tangu saa nne, nimegundua kuna GTX 1650 zisizo na tundu la umeme kabisa. Zinakula wati 75, zinajilisha kwenye bodi, na zipo za feni moja, fupi. Pawa saplai yangu ya zamani ya 290W ingeibeba bila kuguswa. Hakuna adapta ya Kariakoo, hakuna kung'oa kikapu, hakuna kiadapta cha mauti, na bei iko chini. Kwa picha nne nilizotuma, mtu anayeijua kazi yake angenijibu hivyo kwa mstari mmoja. Lakini angekuwa ameniuzia kitu kimoja badala ya viwili.

Jumla mpaka sasa 545,000, fundi nimemhesabu mara moja japo alilipwa mbili. Nilimpigia kaka wa dukani saa tatu na nusu, hakupokea. Akajibu kwa meseji: bidhaa ikishatoka dukani hairudishwi, imeandikwa kwenye risiti. Risiti yenyewe ya kuandika kwa mkono, EFD, mashine ya risiti za kodi, "ilikuwa na shida ya mtandao" Jumamosi. Akamalizia eti mashine yangu ni ya ajabu.

Kaka, mashine haikubadilika kutoka Jumamosi mpaka leo. Uliiona. Kwenye Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, mteja akikwambia kitu anakitaka kwa kazi gani na akategemea ujuzi wako wewe muuzaji wa vitu hivyo, kitu kinatakiwa kifae kwa kazi hiyo. Mimi nilikwambia kazi, nikakupa na picha, na ujuzi wako ndio nilioufuata dukani, maana bei ningeweza kuagiza Dar. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inakataza kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani inapokea malalamiko. Meseji zako zote ninazo, na lile neno "mashine yoyote" ulilirudia kwa maandishi.

NYONGEZA, saa nane kasoro

Naona mmeamka wengi. Ahsanteni kwa pole.

Mnaosema ningegoogle: nimegoogle sasa. Ila nikienda kwa fundi wa gari nikamwambia nataka tairi, hanipi la trekta halafu aseme ningegoogle. Nilikwenda kwa mtu aliyebandika mlangoni "wataalamu wa kompyuta". Niliuliza. Nimeandika maswali kwenye karatasi kama mtoto wa darasa la nne. Mlitaka nifanye nini, nimtahini?

Aliyeuliza kama BIOS (programu ya kuwashia mashine) iliikubali kadi: ndiyo, haikusumbua, picha ilikuja na dereva, programu ya kuiendesha kadi, ikaingia vizuri.

Yule wa Iringa aliyesema yeye aliuziwa kadi ya kawaida kwa ajili ya kile kikasha chembamba cha SFF, mpaka wakamshauri akiache wazi bila mfuniko: dada pole sana, nimecheka mpaka nimelia, na kesho nitalia tena bila kucheka.

Na mkuu aliyesema hadi diski nayo ingekufa, umenitia hofu nikaenda kuchomoa. Nimerudisha pawa saplai ya zamani, mashine imewaka, hadi diski zinasoma, kazi zote zipo. Sendofu ya Tukuyu nimeianzisha upya kwa mwendo wake ule ule wa kobe. Shangazi wa bibi harusi anaitaka Jumapili mchana.

Kilichobaki ni kadi. Sijui kama imepona au imekwenda na ule moshi, na kabla sijaenda kusimama mlangoni kwao Jumatatu nataka nijue nadai nini. Tundu lake la pini 8 kwa macho naliona safi, halijabadilika rangi. Mwenye mashine hapa mjini yenye pawa saplai ya kweli, 450W kwenda juu, yenye waya wake halali wa pini 8 na monita ya HDMI, naomba anitie inboksi. Uyole, Soweto, Iyunga, popote pale, kadi nitaileta mwenyewe na bajaji, na chai ya rangi kwenye chupa nakuja nayo.