"Maumbile yake si ya kawaida": utetezi au kisingizio?

Fundi_Cherehani: Wakuu, dada yangu alitolewa mfuko wa nyongo kwa njia ya kamera, matundu manne tumboni, tukaambiwa kesho yake anarudi nyumbani. Siku ya tatu macho manjano tupu. Kumbe walibana na kukata mrija mkuu unaotoka kwenye ini wakidhani ni ule mdogo wa mfuko. Kafunguliwa tena, sasa hivi ini limeungwa na utumbo. Tulipouliza tukajibiwa "maumbile yake ya ndani si ya kawaida". Hiyo inamwondolea daktari lawama au haimwondolei?

Nesi_wa_Zamu: Pole kwa mgonjwa. Ila mjue ndani hatufanani. Mtaalamu wa maumbile ya mwili, Michels, alichunguza maiti 200, akatoa majibu 1966, ateri za ini, yaani mishipa inayolipelekea damu, zilizokaa kama vitabu vinavyochora alizikuta kwenye kama asilimia 55 tu. Figo ndo usiseme, kama robo ya watu wana ateri ya ziada. Daktari hana miwani ya kuona ndani ya nyama.

Kichwa_Ngumu: Sasa kama mnajua hatufanani mbona mnakata kama tunafanana? Na hiyo habari ya miwani kamwambie mwenye mgonjwa usoni.

Nesi_wa_Zamu: Nimeanza na pole, wewe umeruka mstari.

Kichwa_Ngumu: Pole haiungi mrija.

Mzee_wa_Kisu: Acheni kurushiana. Nimesimama thieta miaka mingi, nisikilizeni kidogo. Daktari wa upasuaji Strasberg alishaeleza tangu 1995, hubani klipu, kile kibanio cha mrija, mpaka usafishe mafuta yote pale shingoni mwa mfuko, uubandue mfuko sehemu ya chini kutoka kwenye ini, halafu uone vitu viwili tu vinavyoingia kwenye mfuko, mrija wake mdogo na ateri yake, viwili, sio vitatu. Usipoviona unasimama, unaita mwenzio, au unafungua tumbo, au unatoa kipande cha mfuko shingo unaiacha. Na mara nyingi mgonjwa wala hana maumbile ya ajabu, ni kwamba mfuko ukivutwa mrija mkuu unanyooka nao unakaa kama ndo ule mdogo, jicho likishadanganyika mkono unafuata. Kwa hiyo usiulize dada yako yukoje ndani. Uliza aliyemkata aliviona viwili kabla ya klipu?

Jicho_la_Tatu: Mzee umemaliza. Ila mimi naona mtu mwenye kasoro apigwe picha ya siti skani mapema ijulikane. Kasoro ziko nyingi tu. Jaribuni hii, gusanisha kidole gumba na kidole cha mwisho kisha kunja kiganja, usipoona kamba, yaani kano, imetokeza katikati ya kifundo cha mkono ujue una kasoro.

Mwanamkasi: Nimejaribu. Sina mikono yote miwili.

Kichwa_Ngumu: Huna mikono yote miwili na unachapa? Hongera sana dada.

Mwanamkasi: 😂 kano sina! Ila wewe Jicho umeniudhi. Kasoro? Nabeba ndoo, nasuka nywele, nimelea watoto watatu kwa hii mikono.

Jicho_la_Tatu: Ni neno tu jamani.

Nesi_wa_Zamu: Sio neno tu. Kama asilimia 15 ya watu hawana hiyo kano na wala hawajui, madaktari wenyewe huichomoa kuunga kano nyingine iliyokatika na mkono unaendelea na kazi. Kasoro ni kitu kinachokusumbua. Na hiyo siti skani yako, mirija ya nyongo inaonekana vizuri zaidi kwa MRI, kile kipimo cha picha cha sumaku.

Jicho_la_Tatu: Kwa hiyo mtu ini liko kushoto nalo sio kasoro?

Mzee_wa_Kisu: Kuna bibi wa Oregon, Marekani, Rose Marie Bentley, ini na tumbo vimegeuka upande, moyo uko kushoto kama wetu. Kaishi miaka 99, wanafunzi wa udaktari ndo wakaja kugundua kwenye maiti yake. Alishapasuliwa zaidi ya mara moja, ila ni yule aliyemtoa kidole tumbo peke yake aliyeandika kwamba kimekaa mahali pasipo pake.

Jicho_la_Tatu: Miaka 99 haibadilishi kwamba ini liko kombo.

Mwanamkasi: Kombo ni mdomo wako.

Fundi_Cherehani: Jamani mada yangu. Mzee, nimeipata ripoti ya upasuaji, ukurasa mmoja. Imeandikwa "mrija ulionekana, ukabanwa, ukakatwa". Basi. Neno viwili halipo, kuhusu maumbile pia hakuna hata mstari, hayo ya "si ya kawaida" tuliambiwa kwa mdomo tu baada ya mambo kuharibika. Hapo tunasemaje?

Jicho_la_Tatu: Mwanamkasi mimi sikukutukana, usinipake.

Kichwa_Ngumu: Mimi kulia ninayo kushoto sina. Jicho, hapo mimi ni nusu kasoro au inakuwaje?