Podikasti za historia na maisha ya watu mashuhuri: msikilizaji atumie kipimo gani?

Mwanagenzi (mleta mada)

Salaam, wanajukwaa.

Naomba mnisaidie katika jambo ambalo nadhani linawasumbua wengi wanaosikiliza podikasti za historia, falsafa na maisha ya watu mashuhuri. Kitabu cha historia, hata kilichoandikwa kwa ajili ya msomaji wa kawaida, kwa kawaida huwa na tanbihi na orodha ya marejeo, na msomaji mwenye shaka anaweza kufuatilia dai fulani limetoka wapi. Podikasti haina tanbihi. Msimulizi anataja mwaka, jina la mfalme na maneno aliyoyatamka mfalme huyo alipokuwa akikata roho, nawe huna la kufanya ila kuamini au kuzima. Tena kadiri msimulizi anavyokuwa hodari ndivyo shaka inavyopungua, ingawa uhodari wa kusimulia na ukweli wa habari ni mambo mawili tofauti kabisa.

Nimesikiliza vya kutosha kujua kwamba kuna msimulizi mmoja anayezungumza peke yake kwa saa kadhaa, kuna wawili wanaopokezana maneno huku wakitaniana, kuna mtangazaji anayewaalika wataalamu, na kuna vile vipindi vifupi ambavyo mtu aliyeshuhudia tukio anahojiwa mwenyewe. Je, umbo la kipindi linatuambia lolote kuhusu uzito wa habari zake? Na mtu asiye mwanahistoria, ambaye hana nafasi ya kwenda maktaba kila anapomaliza kusikiliza, atumie kipimo gani? Siombi orodha ndefu ya majina, maana orodha za namna hiyo zimejaa kila mahali. Nataka kujua ninyi mnatega sikio kwa kitu gani kabla ya kukiamini kipindi.

Karani wa Kale

Ndugu Mwanagenzi, mimi husubiri kusikia mahali ambapo wazungumzaji wanafika mwisho wa wanachokijua. Kipindi kisichofika hapo, hata kama kila tarehe iliyotajwa ni sahihi, nakihesabu kuwa burudani, na sioni ubaya wa burudani mradi ijulikane hivyo.

Ndiyo maana kipindi ninachokirudia kuliko vyote ni In Our Time cha BBC Radio 4, kilichoanza Oktoba 1998 na kuongozwa na Melvyn Bragg hadi alipokiachia mwaka 2025, vipindi vikiwa vimekwisha kuvuka elfu moja. Muundo wake ni mkavu kiasi cha kuwakimbiza baadhi ya watu: mada moja, kwa kawaida wasomi watatu wa vyuo vikuu, na mwongozaji aliyekuwa mwepesi wa kumkatiza mgeni anayezungukazunguka. Lakini wasomi watatu hawawezi kuketi meza moja na kukubaliana katika kila jambo, na hapo ndipo faida ya msikilizaji ilipo, kwa sababu anamsikia mmoja akisema kwamba ushahidi unaelekea upande fulani, na mwenzake akijibu kwamba ushahidi huo uliandikwa na adui wa mhusika. Toleo la podikasti lina nyongeza ya dakika chache zinazorekodiwa baada ya matangazo ya redio kumalizika, ambapo wageni huulizwa ni nini kilichoachwa. Nyongeza hiyo mara nyingi imenifaa kuliko robo saa ya mwanzo, kwa kuwa watu wamekwisha kutua pumzi na wanasema wanachokifikiri hasa.

Nitoe mfano wa kile ninachokitegea sikio. Zera Yacob, mwanafalsafa wa Ethiopia wa karne ya 17, siku hizi anatajwa katika podikasti za falsafa kama mtu aliyeyafikia kwa akili yake mambo ambayo Ulaya iliyafikia baadaye. Risala inayobeba jina lake, Hatata, ilijulikana Ulaya katika karne ya 19 kupitia kwa mmisionari Mwitalia, Giusto da Urbino, na mwaka 1920 Carlo Conti Rossini, mtaalamu wa lugha na historia ya Ethiopia, alidai kwamba mmisionari huyo ndiye aliyeitunga. Claude Sumner, aliyefundisha falsafa Addis Ababa kwa miaka mingi, alitetea kwa hoja ndefu kwamba mwandishi ni Mwethiopia, na mjadala huo haujafungwa hadi leo. Basi kipindi kinachomsifu Zera Yacob bila kuugusa mgogoro huu kimenificha jambo, na kinachomfuta kwa sentensi moja, kana kwamba Sumner hakuandika lolote, kimenificha jambo vilevile. Sitaki mtangazaji aniamulie. Nataka aniambie kwamba kuna kesi, na kwamba pande zote mbili zina mashahidi.

Kwa falsafa ningekuelekeza kwa Peter Adamson, ambaye tangu mwaka 2010 anaipitia historia ya fikra hatua kwa hatua katika History of Philosophy Without Any Gaps. Hakuwaruka wanafalsafa wa dunia ya Kiislamu kama wafanyavyo wengi wanaotoka Athens na kutua moja kwa moja Paris, na baadaye alishirikiana na Chike Jeffers kuandaa mfululizo mzima kuhusu falsafa ya Afrika na ya watu wenye asili ya Afrika. Sehemu ambazo Adamson anamhoji mtaalamu mwingine ndizo za kuanzia, kwa sababu ile ile niliyoitaja.

Mpenda Masimulizi

Nayaheshimu maneno ya Karani, ila naona amewapunja wasimulizi wa sauti moja.

Mazungumzo ya wasomi watatu yana udhaifu wake ambao haukutajwa. Dakika arobaini na tano zinatosha kugusa mada, hazitoshi kuijenga, na mgeni aliyeandika vitabu juu ya jambo hilo husahau kwamba msikilizaji hajui nani alikuwa baba wa nani. Mtu asiyejua chochote kuhusu jambo hilo anaweza kutoka katika kipindi cha namna hiyo akiwa amesikia mabishano matamu juu ya jambo ambalo hakuwahi kuelezwa ni nini. Ili uufaidi mgogoro wa wataalamu ni lazima kwanza uwe na mfuatano wa matukio kichwani, na mfuatano huo hakuna anayeupanga vizuri kama msimulizi mmoja mwenye subira.

Mike Duncan aliisimulia Roma kuanzia mwaka 2007 hadi 2012 katika vipindi vifupi vilivyofuatana, kisha mwaka 2013 akaanza Revolutions, inayoyapitia mapinduzi moja baada ya jingine: Uingereza ya karne ya 17, Marekani, Ufaransa, Haiti na kuendelea. Nguvu yake ni mpangilio. Ukifika Haiti ukiwa umetoka Ufaransa, unaelewa kwa nini tamko la Ufaransa la mwaka 1789 kuhusu haki za binadamu lilizua swali gumu katika koloni lililoishi kwa jasho la watumwa, na kwa nini wenye mashamba, watu huru wenye asili ya Afrika na watumwa wenyewe waliyasikia maneno yale yale kwa masikio tofauti. Ukielezwa Haiti peke yake katika kipindi kimoja, utapata mashujaa na tarehe, lakini hutapata sababu.

Dan Carlin wa Hardcore History, aliyeanza mwaka 2006, ni mfano mgumu zaidi, nami sitamtetea katika kila jambo. Mfululizo wake wa Vita Kuu ya Kwanza una sehemu sita na unazidi saa 20, na zipo nyakati ambapo anavutwa mno na ukatili wa matukio. Hata hivyo, yeye mwenyewe hurudia kuwaambia wasikilizaji kwamba si mwanahistoria, na anaponukuu huyasoma maneno marefu ya shahidi au ya mwanahistoria huku akimtaja mwenyewe kwa jina. Mleta mada alisema podikasti haina tanbihi. Kwangu mimi, kumtaja mwandishi kwa sauti kabla ya kumnukuu ni tanbihi tosha, na msimulizi asiyefanya hivyo hana udhuru wa kusema kwamba chombo chenyewe hakimruhusu.

Wanaonitia mashaka ni wale wawili wanaopokezana vichekesho. Mmoja akitia chumvi, mwenzake hucheka badala ya kuuliza.

Mkutubi

Naongeza machache juu ya mambo yanayoweza kukaguliwa bila kwenda maktaba.

Kwanza, angalia maelezo yanayoambatana na kipindi. Ukurasa wa In Our Time huweka orodha ya vitabu vinavyohusu mada, na tovuti ya Adamson hufanya vivyo hivyo. Kipindi cha historia kisichotaja hata kitabu kimoja, si kwa sauti wala kwa maandishi, kimekunyima njia ya kukihoji.

Pili, sikiliza nukuu maarufu zinavyotumiwa. Maneno ya kwamba wasio na mkate wale keki, ambayo husingiziwa Marie Antoinette, malkia wa Ufaransa, yamo katika kumbukumbu za maisha ya mwanafalsafa Rousseau, ambaye anamtaja tu binti mfalme mkubwa asiye na jina, na sehemu hiyo iliandikwa wakati Marie Antoinette alipokuwa bado mtoto nchini Austria. Msimulizi anayeyaweka maneno hayo kinywani mwa malkia, tena kwa sauti ya kuigiza, amekuonyesha namna anavyokagua mambo mengine yote.

Tatu, jiulize historia inayosimuliwa inawahusu watu walioandika au wasioandika. Mwaka 2010 BBC na British Museum walitoa A History of the World in 100 Objects, vipindi mia moja vya takriban robo saa kila kimoja, ambamo Neil MacGregor, mkurugenzi wa makumbusho hayo wakati huo, alichukua kitu kimoja kila mara na kuuliza kinatuambia nini. Mara anaanza na jiwe lililochongwa la Olduvai, mara vigae vya vyungu vilivyookotwa ufukweni Kilwa Kisiwani, baadhi vikiwa vimetoka China, na kwa vigae hivyo anaeleza biashara ya Bahari ya Hindi kuliko ambavyo hati za watawala zingeweza kueleza. Njia hiyo inawapa nafasi watu ambao hawakuacha maandishi, nami naiona kuwa mojawapo ya mambo bora yaliyowahi kufanywa kwa sauti. Lakini msikilizaji asisahau nani anasimulia. Sanamu za shaba za Benin, mji ulio katika Nigeria ya leo, zipo London kwa sababu majeshi ya Uingereza yaliuvamia mji huo mwaka 1897 na kuzichukua, na makumbusho yanayosimulia dunia kwa vitu vyake yana maslahi katika namna safari ya vitu hivyo inavyoelezwa.

Mwanagenzi (mleta mada)

Nawashukuru sana. Karani na Mpenda Masimulizi wamenionyesha kwamba nilikuwa nauliza maswali mawili katika moja: nijifunze vipi mfuatano, na nijue vipi mipaka ya ushahidi. Naomba mniongezee kuhusu vipindi vya maisha ya mtu mmoja mmoja, maana huko ndiko naona sifa zinazidi uchunguzi, na karibu kila maisha yanasimuliwa kwa umbo lile lile la utoto mgumu, kukataliwa, na ushindi.

Sikio Kongwe

Umbo hilo, ndugu Mwanagenzi, linatokana na msimulizi kujua mwisho kabla ya mwanzo. Kila jambo la utotoni linageuzwa kuwa ishara ya ukubwa uliokuja, na yale yasiyoashiria chochote yanatupwa.

Kipindi kilichopata njia nzuri ya kulikabili tatizo hili ni Great Lives cha BBC Radio 4, kilichoanza mwaka 2001 na ambacho Matthew Parris amekiongoza tangu 2006. Mgeni huchagua mtu anayemstahi na kueleza sababu, huku mtaalamu wa maisha ya mtu huyo akiwa studioni. Sifa zinaruhusiwa, hata zinatarajiwa, ila zinatolewa mbele ya mtu anayejua barua, madeni na ugomvi wa mhusika, na Parris naye haoni haya kuuliza kama kweli mtu huyu alistahili. Linganisha na Desert Island Discs, kilichoanza mwaka 1942, ambapo mgeni huchagua rekodi nane na kuyasimulia maisha yake mwenyewe. Mimi hukipenda sana, lakini nakichukulia kama ushahidi na si kama historia: kinatuonyesha mtu alivyotaka kukumbukwa, nalo ni jambo lenye thamani yake.

Kwa watu wa kale sana, uliza umbali wa chanzo. Aleksanda Mkuu alifariki mwaka 323 KK, na Arrian, mwandishi Mgiriki wa enzi ya Roma ambaye masimulizi yake hutegemewa kuliko ya wengi, aliandika zaidi ya miaka 400 baadaye. Alitumia maandishi ya watu waliokuwa pamoja na Aleksanda, lakini maandishi hayo kwa ukamilifu wake yamepotea, kwa hiyo msimulizi anayekueleza Aleksanda aliwaza nini usiku wa kuamkia vita amebuni, au amemwamini mtu aliyebuni.

Kwa wale wa karibu zaidi, tafuta jambo moja ambalo utafiti ulilibadilisha, kisha uone kama msimulizi ana habari. Toussaint Louverture, kiongozi wa mapinduzi ya Haiti, ni mfano mzuri, na kwa kuwa Mpenda Masimulizi amekwisha kukuelekeza huko, unaweza kumfuata kwa wasimulizi kadhaa. Kwa muda mrefu ilisimuliwa kwamba alikuwa mtumwa hadi uasi wa watumwa wa mwaka 1791 ulipozuka. Katika miaka ya 1970 wanahistoria walichapisha hati zinazoonyesha kwamba kufikia 1776 alikuwa tayari mtu huru, na kwamba aliwahi kukodi shamba la kahawa pamoja na watumwa waliokuwa wakilitumikia. Msimulizi aliyeishia kwenye vitabu vya zamani atakupa mtumwa aliyevunja minyororo yake usiku mmoja. Msimulizi aliyesoma zaidi atalazimika kukueleza jambo zito kuliko hilo, yaani jinsi mtu aliyewahi kuwa mtumwa, kisha akawa na watumwa chini yake, alivyokuja kuliongoza jeshi la watumwa, na asipoweza kulieleza atakwambia wazi kwamba hati hazitoshi. Sikiliza wawili au watatu juu ya Louverture, kisha uje utuambie nani alikuwa na habari ya shamba lile la kahawa.